Beseni la Maua Kalokol

Jirani yangu, mama anayenunua samaki wabichi Longech na kuwauza wakiwa wamekaushwa, alinijia jioni moja na kikapu cha mkoma kimejaa maua. "Daktari," akaniambia, maana hapa kila avaaye koti jeupe ni daktari, hata sisi wafamasia, "nimeona kwa simu mwanamke amelala ndani ya maji yenye maua, amefumba macho. Nami miguu yaniuma tangu asubuhi. Haya yanafaa?"

Yalikuwa mazuri, ya rangi ya waridi, mazito kama yaliyotiwa nta. Ameyachuma kwenye mawe, kando ya njia ya kwenda Lodwar. Nikamwomba akanawe mikono kwa sabuni kwanza, kisha tukae tuzungumze.

Lile ni waridi la jangwani. Jina hilo limewadanganya wengi, kwani halina undugu wowote na waridi. Utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye ncha za mishale. Huwezi kufa kwa kukanyaga petali zake ndani ya beseni, lakini utomvu ukiingia jichoni au kwenye mchubuko, au mtoto akionja yale maji, mapumziko yamegeuka safari ya hospitali. Ndugu yake ni oleanda, inayopandwa kwenye nyua za hoteli na ofisi kwa kuwa inavumilia kiu na mifugo haiitaki. Etesuro nayo, yenye maua meupe yaliyochovywa zambarau, hutoa maziwa yanayoweza kuumiza jicho vibaya. Mimea ya jangwani haina haraka ya kukua tena ikiliwa, basi mingi imejilinda kwa sumu au kwa miiba. Nina kanuni moja ya kienyeji ninayowapa wateja: mbuzi wa Turkana hula hata katoni, kwa hiyo ua ambalo mbuzi huyo amelipita, nawe lipite. Kinyume chake si kweli. Mbuzi hula vingi ambavyo mwanadamu haviwezi.

"Basi niagize mawaridi ya Kitale," akasema.

Hapo pia nikasita. Mawaridi ya dukani, yale yenye shina refu na kichwa kilichofumba vizuri, yamezalishwa ili yakae kwenye chombo siku nyingi bila kunyauka. Harufu imeachwa njiani. Ukiyanusa unapata harufu ya majani tu. Tena yanapuliziwa dawa za wadudu na za ukungu, wala hayapimwi kwa jicho lile linalopimia sukuma wiki, kwa sababu hakuna anayetarajiwa kula waridi. Kuyaloweka kwenye maji ya moto na kukaa ndani yake ni kujipikia supu ya dawa ya shamba.

Halafu kuna suala la maji. Hodhi la kuogea kama lile la kwenye simu hujazwa kwa lita 150 hivi. Hesabu kwa mitungi yetu ya lita 20: saba na nusu. Mashirika yanayohudumia wakimbizi hutumia kiwango cha chini cha lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa. Yaani yule mwanamke wa kwenye simu amelala juu ya maji ya mtu mmoja ya siku kumi. Sisemi hivyo kumwaibisha, huenda kwao mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Ila mama huyu mtungi mmoja huubeba mwenyewe.

Nilichomwambia, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa, ni kwamba lile hodhi halina faida kubwa anayodhani. Harufu ya ua ni mafuta. Ni chembe nyepesi sana zinazoruka hewani, na nyingi kati yake hazipatani na maji kabisa. Ukizitupa petali juu ya maji, zinaelea, zinapendeza, zinatoa harufu kidogo kwa dakika chache, kisha kazi inayobaki ni ya kuziokota zisizibe bomba. Harufu yenyewe imekwenda na upepo, na upepo wa Ziwa Turkana hapa kila mtu anaujua.

Watu wa Pwani waliling'amua hilo kabla hapajakuwa na mfamasia. Huko kwetu hakuna bibi anayemwaga asumini kwenye ndoo. Asumini huchumwa jioni, kwa kuwa hufunguka usiku, ikatungwa uzi au ikafungwa kikuba pamoja na mrehani, ikakaa karibu na ngozi na nywele ambako kuna mafuta ya mwili. Bi harusi naye hupakwa singo na somo yake. Petali za waridi, asumini na mlangilangi husagwa pamoja na liwa na karafuu, zikakandwa kwa marashi. Kusaga ndiyo siri: petali ikipondwa, seli zake hupasuka, na mafuta ya ua hukutana na mafuta ya ngozi. Maji huja mwishoni, ya kusuuzia. Hata ile hamamu ya Kidichi, Unguja, aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi karibu mwaka 1850, maua yake yaliyodumu ni yale yaliyochongwa kwenye chokaa ya ukuta.

Wafaransa wa mji wa Grasse, mji wa manukato, walifika hapo hapo kwa njia yao. Asumini haivumilii moto wa kukenekea, na hata baada ya kuchumwa huendelea kutoa harufu kwa saa nyingi. Basi walikuwa wakiilaza juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe, kesho yake wakaiondoa na kulaza nyingine, hadi mafuta yashibe harufu.

Waridi ndilo lenye tabia ya pekee. Ndani yake kuna aina moja ya kileo chenye harufu tamu ambacho huyeyuka kwenye maji kwa kiasi cha kutosha, na ndiyo maana marashi yapo. Huko Jabal Akhdar, Oman, mawaridi huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, yakakenekwa, na tone linalodondoka ndilo marashi yaliyokuja Pwani kwa majahazi. Kwa hiyo anayetaka waridi kwenye maji yake asihangaike na petali. Achukue chupa ya marashi halisi, asome kibandiko, ahakikishe ni maji ya waridi na si rangi na manukato ya kiwandani, atie vijiko viwili vitatu kwenye beseni. Yamekwisha.

Kuna ua moja lakini ambalo nalipenda hapa Kalokol kuliko mawaridi yote, na halina harufu ya kujivunia. Ni choya, ile nyekundu iliyokaushwa ambayo Wasudani huiita karkade na kuifanya chai. Kwa usahihi wa kitaalamu, kinachokaushwa ni vile vikombe vinavyobaki ua likishadondoka, lakini tusigombane.

Nilimwonyesha mama jirani hivi. Nilitia konzi ya choya kwenye glasi ya maji ya moto, nikangoja yakawa mekundu kama damu. Nikamimina kidogo kwenye kikombe cheupe, kisha nikaongeza maji ya ziwa kijiko kwa kijiko. Cha kwanza, wekundu ukafifia. Vilipoongezeka ukawa zambarau iliyochafuka, halafu buluu, na mwisho rangi ya kijani-kijivu kama maji ya mwani. Nikakamua ndimu. Wekundu ukarudi mbele ya macho yake. Akacheka, akataka nirudie.

Maelezo yake ni haya. Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, kutoka 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Rangi ya choya hubadilika kulingana na kipimo hicho. Ziwa Turkana hupokea maji, mengi yakitoka mto Omo, lakini halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kukauka tu na magadi yakabaki. Ndiyo maana kipimo chake kinazidi 9. Ngozi ya binadamu imejitengenezea uchachu mwepesi, karibu na 5, unaoilinda na vijidudu na kuizuia isipasuke. Mtu akioga kila siku kwa maji ya ziwa na sabuni ya mche, ambayo nayo iko kwenye 9 au 10, anaiondolea ngozi ulinzi huo mara mbili. Jua na upepo humalizia kazi. Zile nyufa za visigino ninazoletewa kila wiki zinaanzia hapo.

Chai ya choya iko karibu na 2.5. Vikombe viwili kwenye beseni la maji ya bomba huyafanya yawe na uchachu mwepesi unaoifaa ngozi. Na kwa anayeshika samaki kutwa, kuna zawadi ya ziada. Harufu ya samaki hubebwa na kemikali zilizo upande wa magadi, zinazoruka kirahisi hadi puani. Zikikutana na asidi hugeuka chumvi isiyoruka. Nawa kwa sabuni, kisha kwa choya iliyopoa, kisha suuza. Mama jirani alinusa viganja vyake, akanusa tena, akaniletea nami ninuse. Ndimu hufanya kazi hiyo hiyo, lakini sikushauri uitumie halafu utoke juani: ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua kali inaweza kuungua na kuacha mabaka meusi ya miezi.

Turudi kwenye miguu yake, kwani ndiyo iliyomleta.

Maji ya uvuguvugu yenyewe ndiyo dawa ya kupumzisha. Ua ni msindikizaji. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu kuoga na usingizi, wakakuta kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, saa moja au mbili kabla ya kulala, hata kwa dakika 10 tu, humfanya mtu apate usingizi mapema kwa takriban dakika 10. Sababu inashangaza kidogo: joto huivuta damu hadi kwenye viganja na nyayo, na huko mwili hutoa joto lake la ndani. Mwili ukipoa, ubongo huelewa kwamba ni usiku. Kwa kuwa mlango wenyewe ni nyayo, si lazima kuzamisha mtu mzima. Beseni la lita tano linatosha, hata kwa Kalokol ambako mtu anadhani hahitaji joto zaidi. Maji ya mtungi uliokaa juani mara nyingi hayahitaji jiko. Yapime kwa kiwiko. Mwenye kisukari apimiwe na mtu mwingine, maana nyayo zake zinaweza kuungua asijue.

Baada ya maji, mafuta, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapo ndipo ua linapopata kazi yake. Nina mche mmoja wa asumini kwenye debe nyuma ya nyumba, unaoishi kwa maji ya kuoshea mchele. Nachuma maua jioni, nayaanika kivulini usiku mmoja yapoteze unyevu, kwa sababu maji yakiingia kwenye mafuta yanayachachisha, kisha nayatumbukiza kwenye mafuta ya nazi. Huko Ulaya mafuta ya nazi huganda. Hapa hayajui kuganda, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 24. Kesho nayachuja, natia maua mapya. Siku ya tano au sita chupa imeshiba. Isikae juani. Na tafadhali, wanaonunua vichupa vidogo vya mafuta makali ya maua wasiyadondoshee majini moja kwa moja: huelea yakiwa hayajapunguzwa na kuchoma ngozi inayokutana nayo. Yachanganywe kwanza na mafuta ya nazi, matone machache kwa kijiko. Na yote haya ni ya ngozi ya nje. Wanaoniuliza kuhusu kujisafisha ndani kwa maji ya maua nawajibu hapana, bila kuzunguka.

Ukiwatazama watu wa nchi kame utaona hawakuwahi kusubiri hodhi. Wanawake wa Turkana walijipaka mafuta ya mnyama na udongo mwekundu. Wahimba wa Namibia hufanya vivyo hivyo kwa siagi, na hujifukiza moshi wa mimea yenye harufu. Wasudani, ambao baadhi yao walikuja Kakuma tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, wana dukhani: shimo dogo, makaa, vijiti vya mgunga uitwao talh, na mwanamke aliyejipaka mafuta akakaa juu yake amejifunika blanketi zito hadi jasho limtoke. Anaoga bila tone la maji. Naipenda, ila ifanywe mahali penye hewa, kwani gesi ya makaa haina harufu wala haibishi hodi.

Mama jirani nilimpa chupa ndogo ya mafuta ya asumini na konzi tatu za choya. Wiki iliyopita alinirudishia chupa, tupu, na vikonyo viwili vya kahawia vimeganda chini. Kifuniko kinanuka sangara. Anataka nyingine, ila anauliza kama mafuta ya mbuzi yatafaa, maana nazi hapa ni ghali na mbuzi anaye. Nimemwambia ayayeyushe pamoja na maji, ayaache yapoe hadi yagande juu, ayakwangue upande wa chini uliochafuka, arudie mara mbili, kisha aniletee. Ameuliza kama na mkia wa kondoo.