Ufikiaji Huria wa Utafiti na Swali la Nani Alipe

Makala ya kisayansi hupitia safari ambayo msomaji wa kawaida haijui, na ambayo mfanyabiashara yeyote angeistaajabia. Mtafiti hulipwa mshahara na chuo au taasisi, mara nyingi kutokana na kodi za wananchi, hufanya utafiti wake, huandika matokeo, kisha huyapeleka kwenye jarida la kitaaluma bila kudai malipo. Mhariri wa jarida huwakabidhi makala hiyo wataalamu wengine wa fani ile ile ili waipime na kuikosoa, kazi iitwayo mapitio ya wanataaluma, ambao kwa kawaida nao hawalipwi. Makala inapokubaliwa, mwandishi humwachia mchapishaji hakimiliki, na mchapishaji huviuzia vyuo vile vile vilivyogharimia utafiti haki ya kuusoma. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake enzi za karatasi, tangu Henry Oldenburg alipoanzisha Philosophical Transactions mjini London mwaka 1665, kwa kuwa kupiga chapa na kusafirisha majarida kuligharimu fedha nyingi. Lakini intaneti ilipofanya kila nakala ya ziada isigharimu karibu chochote, bei ya usajili wa majarida haikushuka.

Madhara ya hali hiyo yanaonekana kwa karibu nchini Liberia. Mwaka 1982 watafiti wa Kijerumani walichapisha katika jarida moja la Ulaya matokeo ya vipimo vya damu ya watu 433 wa vijijini Liberia, ambao asilimia 6 kati yao walikutwa na kingamwili za Ebola, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na kirusi husika, na wakahitimisha kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa maeneo yenye kirusi hicho. Ugonjwa ulipoingia nchini humo mwaka 2014 na kuua watu zaidi ya 4,000, onyo hilo lilikuwa halijulikani kwa waliopaswa kulijua. Mwaka uliofuata Bernice Dahn, mganga mkuu katika Wizara ya Afya ya Liberia, akiandika na wenzake wawili katika gazeti la New York Times, alibainisha kwamba tafiti za aina hiyo hazikuwa na Mliberia hata mmoja miongoni mwa waandishi wake, na kwamba kupakua makala moja kungemgharimu daktari wa huko dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Kudai kwamba makala hiyo ingezuia mlipuko ni kutia chumvi, ila mhudumu wa afya aliyefundishwa kuihisi Ebola humtenga mgonjwa mapema kuliko yule aliyeaminishwa kwamba ugonjwa huo ni wa nchi nyingine.

Dhana ya ufikiaji huria ilipata maelezo yake rasmi katika azimio lililotolewa Februari 2002, kufuatia mkutano uliofanyika Budapest miezi miwili kabla yake: kwamba utafiti usomwe, upakuliwe, unakiliwe na kusambazwa bila kizuizi cha fedha wala cha sheria, mradi mwandishi atajwe ipasavyo. Azimio lilipendekeza njia mbili. Ya kwanza, ambayo huitwa njia ya kijani, ni mwandishi kuweka nakala ya makala yake katika hazina ya kidijitali iliyo wazi kwa wote, jambo ambalo wanafizikia walikuwa wakilifanya tangu mwaka 1991, Paul Ginsparg alipoanzisha hazina ya arXiv. Ya pili, njia ya dhahabu, ni jarida lenyewe kusomwa bure.

Katika njia hii ya pili ndipo mzigo ulipohamishwa kimyakimya. Wachapishaji wengi wakubwa, baada ya kuacha kumtoza msomaji, walianza kumtoza mwandishi ada ya uchapishaji. Na jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021, ada iliyotangazwa ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja, fedha zinazozidi kwa mbali gharama za uwandani za wanafunzi wengi wa uzamili Afrika Mashariki. Mtafiti wa Morogoro au Eldoret ambaye zamani hakuweza kusoma sasa anasoma, lakini hawezi kuandika mahali anaposomea. Ni kweli kwamba wachapishaji husamehe ada hiyo kwa watafiti wa nchi maskini, lakini msamaha ni hisani, na hisani huondolewa na aliyeitoa. Bangladesh ililionja hilo Januari 2011, wakati wachapishaji kadhaa walipoyaondoa majarida yapatayo 2,500 katika HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002 ili kuzipatia nchi za kipato cha chini majarida ya tiba. Yalirejeshwa baada ya wanataaluma kupaza sauti. Ada hizo zimezaa pia majarida laghai, ambayo hupokea fedha na kuchapisha lolote bila mapitio ya kweli, na mawindo yao ni wahadhiri vijana wanaohesabiwa makala ili wapandishwe vyeo.

Ipo njia ya tatu, iitwayo ya almasi, ambayo msomaji halipi na mwandishi halipi, kwa kuwa gharama hubebwa na chuo, serikali au chama cha wanataaluma. Brazili iliijenga kwa kiwango kikubwa kupitia mtandao wa SciELO, ulioanza mwaka 1997 na kuenea Amerika ya Kusini, hata majarida ya Kihispania na Kireno yakapata mahali pa heshima bila kupitia kwa wachapishaji wa Ulaya. Almasi hiyo, hata hivyo, haiokotwi: yupo mhariri wa lugha, yupo mpangaji wa kurasa, kuna seva, na kuna kitambulisho cha kudumu kinachohakikisha kwamba makala inapatikana hata anwani ya tovuti ikibadilika. Gharama hizo si kubwa, ila hujirudia kila mwaka, na jarida ambalo chuo hakikulitengea kifungu katika bajeti huendeshwa kwa kujitolea kwa mhariri mmoja au wawili, ambao wakistaafu toleo linalofuata hukwama. Sera inayomtaka mhadhiri achapishe kazi yake kwa uwazi bila kutenga kifungu hicho humwachia kuchagua kati ya kuomba msamaha wa ada kwa mchapishaji wa nje na kulipa kutoka mfukoni mwake.