Udongo wa Kulalia Kobe

Wasikilizaji wetu, watu wafugao kobe kwa kibali huuliza sana habari za chakula chake, lakini ni wachache waulizao juu ya kitu akikanyagacho na kukilalia usiku na mchana. Kumbe maradhi mengi huanzia hapo. Leo twapenda kueleza namna ya kutengeneza sakafu ya zizi la kobe, hasa yule mwenye madoadoa wa nyika za Afrika ya Mashariki. (Kobe wa porini hulindwa na sheria, asiokotwe njiani akapelekwa nyumbani.)

Sakafu ya saruji ni rahisi kufagia, walakini huchubua nyayo na gamba la chini, tena kobe jike hawezi kuichimba. Akikosa mahali pa kutaga huweza kuyazuia mayai tumboni hata akafa. Mchanga mtupu nao haufai, kwa kuwa kobe huumeza pamoja na majani, ukajikusanya na kuziba matumbo. Maranda ya mierezi yaacheni kwa fundi, maana harufu yake kali huumiza mapafu.

Huenda mtu akasema: kobe huyu ni mnyama wa nchi kavu, basi na akae katika vumbi. Hapo hatukubaliani naye. Kobe mchanga hashindi juani. Hujificha chini ya mashina ya nyasi na vichaka, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi. Mwaka 2003 wataalamu wa Vienna walieleza habari za watoto wa kobe wa Afrika wa jamii nyingine waliowalea: wale waliokaa katika hewa kavu waliota nundu kubwa zaidi gambani kuliko waliokaa penye unyevu. Nundu hizo zikiisha kuota haziondoki.

Basi chukueni udongo wa kawaida sehemu mbili, na unga wa makumbi ya nazi sehemu moja. Udongo usitoke katika shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu. Na makumbi, kama yalifukiwa pwani ili yasokotwe kamba, yana chumvi. Yaosheni kwa maji baridi mara nyingi kabla ya kuyatumia. Tandazeni udongo juani siku mbili tatu, kisha uchanganyeni na kuunyunyizia maji. Shikeni konzi moja mkaifinye: ikishikamana bila kutoa tone la maji, nayo ikivunjika kwa kuguswa kidole, imekuwa sawa. Ikidondosha maji, ngojeni ikauke kidogo, kwa kuwa katika tope gamba la chini huoza.

Chini kabisa tieni kokoto ili maji ya mvua yapite. Juu yake, kwa watoto, udongo wa inchi 4 watosha. Kwa jike mkubwa wekeni futi 1 nzima, upande upatao jua la asubuhi. Chakula kiwekwe juu ya jiwe pana, kisichanganyike na udongo. Kinyesi kiondolewe kila siku, na udongo unaonuka ubadilishwe wote.

Kabla ya kumrudisha kobe mchanga usiku, chunguzeni kando ya zizi kama siafu wamepita, kwa maana gamba lake bado laini.