Kodi ya Majengo Humfikia Mzee, Msamaha Husubiri Kuombwa

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo Tanzania Bara haimsubiri mtu apange foleni. Anayenunua umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla ya kutumika, hukatwa kodi kwanza, kisha fedha iliyobaki ndiyo inayogeuzwa yuniti. Kwa nyumba ya kawaida makato yalianza na shilingi 1,000 kwa mwezi. Julai 2023 yakapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka.

Fedha ndogo? Kwa mwenye mshahara, pengine. Bibi anayenunua umeme wa 2,000 pale mjukuu anapomtumia chochote hubakiwa na 500, hapo tozo nyingine hazijahesabiwa. Akienda kijijini miezi mitatu bila kununua umeme, kodi haiendi likizo: hujilimbikiza, na akirudi anadaiwa 4,500 kabla taa haijawaka.

Hata hivyo, sheria haikumsahau. Inasamehe nyumba moja ya makazi ikiwa mwenyewe anaishi humo, ametimiza miaka 60 na hana kipato cha kumwezesha kulipa. Mtu mwenye ulemavu asiye na kipato naye yumo. Nyumba ya pili aliyoipangisha haimo, na hilo ni haki.

Ugumu uko kwa walio katikati. Mwalimu mstaafu anayepokea pensheni kila mwezi hawezi kusema hana kipato, ingawa bei ya unga na dawa za presha huweza kupanda haraka kuliko pensheni. Yupo pia mjane aliyezeekea kwenye nyumba ambayo hati yake bado ina jina la marehemu mumewe. Sheria inataka mmiliki. Mirathi isipofunguliwa, kuthibitisha umiliki ni safari ndefu kwa mtu wa miaka 75.

Na hata anayestahili bila ubishi hana budi kujitokeza. Mita haijui umri wa anayeingiza tokeni. Mfumo ulipoanza, wazee wenye sifa waliambiwa wafike ofisi za Mamlaka ya Mapato (TRA) ili mita zao ziondolewe kwenye makato. Kwa maneno mengine, kodi humfikia mzee chumbani kwake, ila msamaha ni yeye aufuate mjini, na nauli ya kuufuata inaweza kuzidi makato ya mwezi mzima.

Marekani tatizo hili lina sura nyingine. Huko kodi hufuata thamani ya nyumba, kwa hiyo mtaa ukipendwa na matajiri, mzee aliyejenga zamani hupandishiwa kodi bila kuongezewa hata senti. Hasira hiyo ilichangia wapiga kura wa California kupitisha Proposition 13 mwaka 1978, iliyoweka kikomo cha asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Texas humgandishia mwenye nyumba kodi ya shule afikapo miaka 65. Oregon, tangu 1963, huwalipia wazee wenye kipato kidogo kwa mkopo, na jimbo hurudishiwa fedha yake na riba nyumba inapouzwa au mwenyewe anapofariki.

Mzee wa Kariakoo, Dar es Salaam, ameepushwa na balaa la thamani, kwa kuwa kiwango cha LUKU ni kimoja: nyumba ya chini ya Mbagala hulipa sawa na ya Masaki kwa matajiri. Usawa huo unaonekana mzuri hadi mtu alinganishe mifuko ya wenye nyumba hizo mbili.

Kurahisisha msamaha kunawezekana. Mamlaka ya vitambulisho, NIDA, ina tarehe za kuzaliwa, shirika la umeme, TANESCO, lina namba za mita, na TRA ndiyo yenye kodi. Kumbukumbu hizo zikiunganishwa, orodha ya awali ya wenye umri wa msamaha ingepatikana bila mzee kupanda daladala. Nani kati yao hana kipato, na nani kweli anaishi humo, hakuna kompyuta itakayojibu. Hilo analijua mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anayepita mbele ya nyumba hizo kila siku, na kazi ya kuhakiki majina ingeanzia kwake.