Pesa zimo simuni, kufuli ni la kuazima

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kibanda cha wakala, Mbagala. Mbele yangu alisimama mama muuza samaki, ndoo miguuni, kiswaswadu mkononi. Zamu yake ilipofika alikipitisha dirishani na kutaja namba yake ya siri kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine. "Mama, bonyeza mwenyewe," wakala akamwambia. "Mwanangu, nikibonyeza mimi menyu inakatika. Nibonyezee tu." Nyuma yake tulikuwa watu wanne, na sote tulisikia.

Pale dirishani palikuwa na swali zito la utafiti. Menyu imsubiri mtu kwa sekunde ngapi, mtu mwenye macho yaliyochoka na vidole vilivyolowa, ili asilazimike kuitoa siri yake hadharani? Ulinzi wa simu tunaouagiza kutoka nje umebuniwa kwa mtu mmoja mwenye simu yake moja, anayeifungua kwa alama ya kidole. Kwetu simu hiyohiyo hupita mikononi mwa wakala, mjukuu na fundi, na ndani yake mna akiba ya nyumba nzima.

Katika ukanda wetu biashara hii ya pesa za simu ilianza Kenya Machi 2007 kwa M-Pesa, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Hadi 2015 mitambo iliyobeba miamala ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani. Mitambo ilirudishwa nyumbani, ila ujuzi wa kuikagua haukurudi kwa kasi hiyo. Anayepiga *150*00# kuifungua menyu ya M-Pesa anatuma maagizo ambayo hayana kufuli lake lenyewe: hulindwa na mtandao yakiwa hewani, tena kwa ulinzi dhaifu pale simu inapotumia teknolojia ya kizazi cha pili, na yakifika kwenye mitambo ya kampuni huwa yanasomeka. Lugha ambayo kampuni za simu hutumia kuongea zenyewe kwa zenyewe, SS7, ilibuniwa miaka ya 1970, wakati kampuni zilipokuwa chache na zikiaminiana.

Tazama pia nyufa zilizokwisha kupatikana, na waliozipata. Mwaka 2013 Karsten Nohl, mtafiti wa Berlin, alionyesha kwamba laini zilizotumia usimbaji wa zamani zingeweza kuvunjwa kwa ujumbe mfupi tu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walizifungua programu saba za pesa za simu kutoka Brazili, India, Indonesia, Thailand na Ufilipino, wakakuta nyingi zina kasoro kubwa. Mwaka 2019 kampuni moja ya Dublin ilifichua Simjacker, mbinu ya kuiamrisha laini bila mwenye simu kujua. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ikaeleza jinsi simu za bei nafuu aina ya Tecno W2 zilivyouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zikiwa tayari na programu hasidi, iliyokuwa ikiwaunga wenye simu kwenye huduma za kulipia. Mtengenezaji alisema kasoro iliingizwa na mtu mwingine kwenye mnyororo wa ugavi. Simu za bei hiyo ndizo zilizojaa kwenye meza za Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na mnunuzi anachoulizia ni betri na kamera.

Serikali zetu hazikulala. Kenya ilizima simu bandia 2012, Tanzania Juni 2016. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza kwetu 2019, na ujumbe wa kitapeli wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" sasa unaripotiwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Kazi hizo ni muhimu, lakini ni za kipolisi. Zinamfuata tapeli akishapita. Laini inasajiliwa upya na mtu asiye mwenyewe, akaunti inakombwa, kisha ndipo tunahesabu.

Utafiti hutangulia, na unataka mpango. Marekani, kwa sheria ya 2015, Bunge liliagiza tathmini ya hatari zinazozikabili simu za serikali, na mwaka 2017 Wizara ya Usalama wa Ndani ikawasilisha ripoti iliyozipanga kuanzia simu yenyewe, programu zake, mtandao, hadi mifumo ya taasisi inayozisimamia. Sisi orodha yetu ingeanzia dirishani kwa wakala.

Watu tunao: Kijitonyama kwenye ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, na kwa majirani Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Kigali. Wanachokosa ni data. Kumbukumbu za utapeli zimefungiwa kwenye kampuni za simu, hivyo mwanafunzi wa uzamili anaishia kugawa dodoso sokoni na kuuliza watu kama wamewahi kutapeliwa. Halafu kuna hofu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa, na kijana aliyegundua ufa kwa nia njema hana mlango anaouamini wa kuupeleka. Mlango huo ungeweza kufunguliwa kwa kanuni tu, kabla hata ya kutafuta shilingi moja.

Fedha ni kidonda cha zamani. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ipo tangu 1986, na lengo la Afrika la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti tumelirudia hadi tumelizoea bila kulifikia. Lakini tozo ya miamala ya 2021, pamoja na maumivu yake, ilituonyesha jinsi senti za simu zinavyojaa haraka. Sitaki mama yule atozwe tena. Nataka sehemu ndogo ya ada za leseni, ambazo kampuni tayari zinalipa, iwekwe kando kwa maabara moja ya kupima simu na programu za fedha.

Kazi ya kwanza ya maabara hiyo ningeipanga mimi: kila robo mwaka inunue simu kumi za bei ya chini pale Aggrey, kama mteja yeyote, bila kumwambia muuzaji, izifungue, na majibu yabandikwe kwenye kila kibanda cha wakala, kwa Kiswahili, herufi kubwa.