Kovu Baada ya Kupasuliwa, na Namna ya Kulipunguza

Mtu akipasuliwa hospitalini akapona, hushukuru kwanza kwa uhai wake. Baada ya majuma machache, akijitazama mwilini, ndipo aanzapo kuuliza habari ya kovu. Je, litabaki hivi hivi, gumu na lenye kuwasha? Sokoni hakosi mtu wa kumjibu: huyu ana mafuta katika kichupa, yule ana unga wa majani, na kila mmoja huapa kwamba dawa yake hufuta kovu lote. Shilingi nyingi hupotea kwa njia hiyo. Basi yafaa tujue kovu ni kitu gani, kusudi tupambanue lisaidialo na maneno matupu.

Neno la kwanza kufahamu ni kwamba hakuna dawa ifutayo kovu lote. Kisu kikigusa ngozi ya juu tu, ngozi hiyo huota tena kama ilivyokuwa. Lakini kikifika ngozi ya ndani, mwili hauwezi kufuma nguo ile ile, hutia kiraka. Kiraka hicho ni cha nyuzinyuzi ziitwazo kolajeni, nazo hulala kwa wingi upande mmoja, badala ya kusukwa pande zote kama zilivyo katika ngozi nzima. Miezi ya kwanza kovu huvimba kidogo, huwasha, na huwa jekundu au jeusi kuliko ngozi iliyo kando yake. Kisha hulainika polepole, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Hata likiisha kukomaa, nguvu zake hazipiti kama asilimia 80 ya nguvu za ngozi ya asili. Kwa hiyo wakati bora wa kulisaidia ni ile miezi ya kwanza, lingali linajengwa.

KAZI YA DAKTARI

Mwaka 1861 Karl Langer, mtaalamu wa viungo vya mwili huko Vienna, alieleza jinsi alivyotoboa ngozi za maiti kwa chombo cha mviringo, akaona matundu hayakukaa mviringo bali yalivutika yakawa marefu. Ikadhihirika kwamba ngozi huvutwa daima, kila mahali kwa upande wake. Kisu kikifuata upande huo, kovu huwa jembamba. Kikiukata kwa kukingama, kovu hutanuka. Hii ndiyo sababu daktari huchagua kwa uangalifu mahali pa kupitisha kisu, kama ugonjwa wenyewe wampa nafasi ya kuchagua.

Tena zipo siku za kutoa nyuzi: usoni yapata siku 5, tumboni 7 hadi 10, miguuni na penye viungo 10 hadi 14. Nyuzi zikikaa mno huacha alama zake zenyewe. Zikitolewa mapema, jeraha laweza kufunguka. Mgonjwa aliyeambiwa arudi siku fulani na arudi siku hiyo.

KAZI YA MGONJWA

Usafi ndio wa kwanza. Jeraha likiingia usaha, kovu huwa pana na baya. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa. Usitie majivu wala samadi, maana katika samadi na udongo hukaa vijidudu vya pepopunda, ugonjwa uuao. Ukiona wekundu unaoenea, joto, usaha au homa, rudi hospitali upesi.

Wengi huamini kwamba jeraha lataka kuachwa wazi likauke. Sivyo. Mwaka 1962 George Winter, mtaalamu wa Kiingereza, alionyesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi yapata mara mbili upesi kuliko lile lililokaushwa hewani. Mafuta ya mgando yaliyo safi, na kitambaa safi juu yake, kama daktari alivyoagiza, yatosha; wala bei yake si kubwa.

Jambo la tatu ni kutolivuta jeraha. Mkulima aliyepasuliwa ngiri, shamba likimngojea, huona aibu kukaa kitako. Lakini akishika jembe au kubeba magunia mapema, huweza kulitanua kovu, na hata kuirudisha ngiri yenyewe. Baada ya kupasuliwa tumbo, desturi ni kujizuia na mizigo mizito yapata majuma 6. Ni heri jirani wakupalilie msimu mmoja. Karani naye asidhani kazi ya kalamu yampa ruhusa ya kuinua masanduku ya majalada.

Chakula nacho ni dawa. Katika safari ya Anson, mkuu wa manowari za Kiingereza, kuzunguka dunia miaka 1740 hadi 1744, kiseyeye kiliwapata mabaharia kwa kukosa matunda na mboga. Kitabu cha safari hiyo chasimulia habari za mtu aliyejeruhiwa vitani huko Boyne miaka 50 nyuma, ambaye makovu yake yalifunguka tena kama majeraha mapya. Mwili hauwezi kutengeneza kolajeni nzuri bila vitamini C. Basi ule mapera, machungwa na mboga za majani, pamoja na maharagwe, mayai na maziwa. Mvuta tumbaku naye aache angalau majuma 4 kabla ya kupasuliwa, kwa kuwa tumbaku hubana mishipa ya damu ilishayo jeraha.

DAWA ZA ASILI NA ZA HOSPITALI

Asali imesifiwa tangu Misri ya kale, na uchunguzi wa siku hizi waonyesha kwamba husaidia baadhi ya majeraha kupona. Lakini hiyo ni asali iliyosafishwa kwa kazi hiyo, maana ya mzinga yaweza kuwa na vijidudu. Tena kuponya jeraha si kufuta kovu. Shubiri hupoza ngozi, wala haijathibitika kuzuia kovu. Mafuta ya vitamini E yalijaribiwa huko Miami, habari zake zikachapishwa mwaka 1999: hayakusaidia, na thuluthi ya wagonjwa walipata upele.

Jeraha likiisha kufunga kabisa, likande taratibu kwa kidole kila siku, na ulikinge na jua kwa mwaka mzima. Hospitalini vipo vipande vya silikoni, ambavyo hubandikwa juu ya kovu saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 hivi. Hivyo husaidia makovu yaliyovimba.

Liko kovu lingine liitwalo keloidi. Hilo hupita mpaka wa jeraha na kuendelea kukua, hasa sikioni, kifuani na mabegani. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi huenda kwa ukoo. Likikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko kwanza. Daktari huweza kulichoma sindano za steroidi, au kulikata kisha kutumia sindano hizo au mionzi. Kwa hiyo, kama wewe au ndugu zako mna makovu ya namna hiyo, mwambie daktari kabla hajashika kisu, wala usiwatoboe watoto masikio bila kufikiri. Na kovu likianza kupita mpaka wake, usingoje mwaka uishe. Nenda hospitali lingali dogo.