The Shining Ndani ya 4K: Hofu Ilivyorudi Sebuleni

Mtoto Danny anaendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu kwenye korido za hoteli isiyo na wageni. Magurudumu yakipita juu ya mbao, yananguruma. Yakipanda zulia, kimya. Yakirudi kwenye mbao, ngurumo tena. Kamera inamfuata nyuma, chini kabisa karibu na sakafu, na kila kona anayokata inamfanya mtazamaji ashike kiti. Hakuna damu wala kisu katika tukio hilo. Kuna mtoto, zulia na sauti.

Filamu hiyo ni The Shining, aliyoitengeneza Stanley Kubrick na kuitoa mwaka 1980 kutoka kwenye riwaya ya Stephen King ya mwaka 1977. Jack Nicholson anamwigiza Jack, mwandishi aliyeajiriwa kulinda Hoteli ya Overlook, huko milimani Colorado, wakati wa majira ya baridi ambapo barabara zote hufungwa na theluji. Yupo na mke wake, anayeigizwa na Shelley Duvall, na mtoto wao Danny. Taratibu akili inamruka, na watazamaji hawaambiwi wazi kama ni hoteli iliyomwingia mtu au ni mtu aliyekuja na wazimu wake.

Hofu ya namna hii, inayofanya kazi akilini kuliko machoni, ndiyo inayoumia zaidi nakala inapokuwa mbovu. Zimwi la kuruka kutoka kabatini litashtua hata kwenye kanda iliyochakaa. Lakini ukubwa wa ukumbi unaommeza mtu mmoja, uso unaobadilika kidogo tu, kivuli kilichosimama mwisho wa korido, vyote hivyo vikipotea, kinachobaki ni watu wanaotembea ndani ya hoteli. Kwa hiyo mtu anayetaka kupima kama filamu ya kutisha imefufuliwa vizuri kwa ajili ya kutazamwa nyumbani hana budi kuuliza jambo moja kabla ya mengine: je, hofu imerudi mahali pake?

Kwa miaka mingi The Shining ilitazamwa majumbani katika hali duni. Kwanza zilikuwa kanda za VHS, ambazo haziwezi kuonyesha hata nusu ya mistari ya picha ya DVD. Nyekundu ilikuwa adui mkubwa wa kanda hizo. Ilivuja nje ya mipaka ya kitu chenyewe na kuchafua kila kilicho jirani. Sasa kumbuka choo cha wanaume cha hoteli ile, chenye kuta nyekundu kali na vyombo vyeupe, ambamo Jack anazungumza na mhudumu Grady. Kubrick alitaka usafi wa kutisha, mistari iliyonyooka, nyekundu na nyeupe zikikabiliana. Kwenye kanda ilikuwa ukungu mwekundu.

DVD zilikuja mwaka 1999 na 2001, kisha Blu-ray mwaka 2007. Oktoba 2019 kampuni ya Warner ikatoa diski ya 4K, baada ya toleo hilo jipya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei, likitambulishwa na mwongozaji Alfonso Cuarón. Safari hii mafundi walirudi kwenye chanzo chenyewe, yaani negativi ya milimita 35 iliyopita ndani ya kamera, wakaipiga picha upya fremu kwa fremu. Hili si jambo dogo. Nakala za sinema huzalishwa kutoka kwenye nakala nyingine, na kila hatua hula sehemu ya picha. Anayeanzia kwenye negativi anaanza na kila kitu ambacho lenzi iliona.

Lakini kuwa na kila kitu kunaleta swali gumu: kipi kionyeshwe? Filamu hii ilipigwa kwa namna ambayo negativi ina eneo kubwa kuliko lile lililokusudiwa kuonekana sinema. Wakati runinga zilikuwa karibu mraba, Kubrick alikubali eneo lote hilo lionyeshwe majumbani, na DVD zote mbili zilifuata umbo hilo. Matokeo yake yalizua ubishi wa miaka. Katika ufunguzi, gari dogo likipanda milima, kivuli cha helikopta iliyobeba kamera kinaonekana wazi chini ya picha. Wapo waliosema ni umbo halali kwa kuwa mwenyewe aliliridhia. Hoja hiyo haina nguvu. Mchoro wa maandalizi ulio miongoni mwa nyaraka za Kubrick unaagiza wazi kwamba picha ipangwe kwa umbo pana la 1.85 kwa 1, huku eneo la ziada likilindwa tu lisiharibike. Diski ya 2019 imefuata umbo pana, linalojaza runinga za leo, na kivuli hakipo. Nyuso zimekaa karibu zaidi na ukingo wa juu, dari zinaonekana kukandamiza, na mtu hajisikii tena kwamba kuna nafasi ya kupumulia.

Jambo la pili la kupima ni chembechembe. Filamu ya zamani huundwa na chembe za kemikali, na picha yake huchemka kidogo kila sekunde. Mtazamaji aliyezoea video za simu anaweza kudhani huo ni uchafu, na baadhi ya studio zimefikiri hivyo hivyo. Mfano unaotajwa sana ni toleo la Blu-ray la Predator la mwaka 2010, ambalo chembechembe zake zilifutwa kwa kompyuta hadi waigizaji wakaonekana kama wametengenezwa kwa nta. Ni kama picha ya harusi iliyopitishwa kwenye programu ya kulainisha nyuso, ambamo bibi arusi anabaki bila vinyweleo, hata mama yake hamtambui. The Shining imenusurika. Chembechembe zipo, ndogo na hai. Mtazame Shelley Duvall akirudi nyuma kwenye ngazi huku amekamata rungu la besiboli: macho mekundu, machozi, nywele zilizoshikamana na jasho, ngozi iliyochoka. Uso ule ukilainishwa, nusu ya filamu imekufa.

Rangi ndiyo mahali penye mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu ushahidi wenyewe huoza. Nakala nyingi za sinema za miaka ya 1970 zimepauka na kuwa za waridi, hivyo fundi hawezi kuziamini peke yake. Tena mwenye filamu mwenyewe anaweza kubadili mawazo. Mwaka 2009 mwongozaji William Friedkin aliipa rangi mpya The French Connection kwenye Blu-ray, na mpiga picha wake, Owen Roizman, akaikataa hadharani. Baadaye ikatolewa nyingine iliyorekebishwa. Kubrick alifariki Machi 1999, na mpiga picha wake, John Alcott, alimtangulia mwaka 1986. Nani basi aulizwe?

Aliulizwa Leon Vitali. Huyu alikuwa mwigizaji wa Barry Lyndon aliyeacha kuigiza ili awe msaidizi wa Kubrick. Ndiye aliyesaidia kumtafuta Danny Lloyd, mtoto aliyemwigiza Danny, na kwa miaka mingi alikagua nakala za filamu za bosi wake. Mchanganya rangi Janet Wilson alifanya kazi chini ya macho yake. Vitali alifariki mwaka 2022, hivyo kazi hiyo ilifanyika wakati shahidi bado yupo. Ukumbi mkubwa wa Overlook ulijengwa ndani ya studio za Elstree, karibu na London, na mwanga unaoingia madirishani ulitoka kwenye mamia ya taa zilizowekwa nyuma yake. Kwenye diski mpya mwanga huo ni baridi na mzito, unafanana na asubuhi ya theluji, bila kuwaka kupita kiasi. Ni rahisi kutumia HDR, teknolojia inayopanua tofauti kati ya mwanga na giza, kung'arisha kila taa mpaka macho yaume. Hapa wamejizuia, na wanastahili sifa.

Katika sauti, hapana. The Shining ilitoka sinema ikiwa na sauti ya mono, yote ikitokea mahali pamoja nyuma ya pazia. Diski ya 4K ina sauti iliyosambazwa kwenye spika sita, na mono ya asili haimo. Muziki wa Penderecki na Bartók umepata nafasi pana, ni kweli, na ngurumo ya baiskeli ya Danny bado inafanya kazi yake. Lakini sauti ya mono ni sehemu ya kazi ya Kubrick sawa na umbo la picha, na diski ina nafasi ya kutosha kubeba zote mbili. Kuiacha nje ni kosa lisilo na utetezi.

Mnunuzi aangalie pia urefu. Baada ya filamu kuanza kuonyeshwa Marekani, Kubrick aliondoa tukio la hospitali lililokuwa karibu na mwisho, ikabaki dakika 144. Kisha aliipunguza tena kwa ajili ya Ulaya, hadi dakika 119. Katika toleo fupi daktari anayemhoji mama kuhusu mkono wa Danny ulioumizwa na baba yake hayupo, kwa hiyo aibu ya nyumba ile inachelewa kujulikana. Diski ya 4K imebeba toleo refu. Matoleo yote mawili ni ya mkono wa Kubrick, na mpenzi wa filamu hii atafaidika akiyaona yote.

Aliyeamua kuitazama azime kwanza ile mipangilio ya runinga inayolainisha mwendo, maana huifanya filamu ifanane na tamthilia ya jioni, kisha achague hali ya sinema badala ya ile ya rangi kali inayokuja kiwandani. Diski ya 4K inaweza kupitisha megabiti 100 na zaidi kwa sekunde, wakati huduma za intaneti hutuma sehemu ndogo tu ya hizo, na tofauti huonekana zaidi gizani. Jaribu bustani ya uzio wa miti mwishoni, usiku, ukungu na theluji ya bandia vikimzunguka Jack anayechechemea na shoka. Nakala dhaifu hugeuza giza hilo kuwa mabaka. Kwenye diski ya 2019 kila jani limesimama peke yake na giza lina kina. Kwa picha, hii ndiyo The Shining bora iliyowahi kuingia nyumbani. Kwa sauti, Warner waturudishie mono.