Taa Moja, Maana Tatu: Istilahi za Onyo la Breki

Gari litokalo Sumbawanga kwenda Mtowisa huuacha uwanda wa juu wa Ufipa, ulio na kimo cha karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari katika sehemu hizo, likateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambalo kimo chake ni mita 800 hivi. Dereva ana mteremko wa karibu mita 1,000, na vinavyomshikia gari ni gia na breki tu. Taa nyekundu ikiwaka mbele yake mahali kama hapo, hana nafasi ya kufungua kamusi. Neno alilofundishwa kuhusu taa ile ndilo litakaloongoza mkono na mguu wake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza onyo hilo kwa jicho la mfasiri. Magari mengi yatumikayo nchini yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na baadhi yake huandika maonyo kwa Kijapani. Dereva husaidiwa na alama ya kimataifa: duara lenye alama ya mshangao katikati, na tao moja kila upande. Alama hiyo haihitaji kutafsiriwa. Kinachohitaji kutafsiriwa ni maelezo yake katika kitabu cha gari, katika somo la udereva na katika waraka wa ofisi. Na hapo ndipo mkanganyiko huanzia.

Kwanza, tuone taa hiyo husema nini. Katika magari mengi taa hiyo moja ina maana tatu. Ya kwanza ni kwamba breki ya mkono haijaachiwa sawasawa. Ya pili ni kwamba kiowevu cha breki kimepungua katika kichupa chake. Ya tatu ni kwamba kuna hitilafu katika mfumo wenyewe: katika baadhi ya magari ya zamani, kwamba mmoja wa mikondo miwili ya breki umepoteza shinikizo, katika magari ya siku hizi, kwamba mtambo wa umeme unaogawa nguvu ya breki baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umeharibika. Hii ya tatu mara nyingi huandamana na taa ya manjano yenye herufi ABS. Taa hiyo ya manjano ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinafanya kazi, lakini magurudumu yaweza kukaza na kuburuzika dereva akikanyaga kwa nguvu.

Mfasiri aandikaye tu "hitilafu ya breki" hajakosea sarufi, lakini amezikusanya hali hizo zote katika kapu moja. Mwenye breki ya mkono iliyosahauliwa atatishika bure, na mwenye mfereji unaovuja atadhani mambo ni yale yale ya jana.

Uchunguzi wenyewe una utaratibu. Dereva asimame mahali tambarare, aweke kigingi kwenye gurudumu, kisha ahakikishe kuwa breki ya mkono imeachiwa kabisa. Taa isipozimika, atazame kichupa cha breki. Kiowevu kikiwa chini ya alama ya kiwango cha chini, sababu ni mojawapo ya mbili. Huenda pedi zimelika: kadiri zinavyopungua unene ndivyo pistoni zinavyotoka nje zaidi na kiowevu kingi zaidi kubaki kwenye silinda. Au huenda kinavuja. Basi zitazamwe pande za ndani za magurudumu, mipira ya breki na sehemu ya chini ya masta silinda. Kujaza kichupa bila kutafuta sababu ni kumnyamazisha mjumbe. Ikiwa kiowevu kinatosha na breki ya mkono imeachiwa, kazi inabaki kwa fundi wa umeme; na mpaka aithibitishe salama, gari lisishushwe mlimani.

Tukirudi kwenye istilahi, yapo maneno mawili yanayostahili kuangaliwa.

Neno la kwanza ni "taa ya breki". Kwa kawaida watu huliita hivyo taa ya nyuma, ile imwambiayo anayefuata kwamba gari linapunguza mwendo. Lakini taa ya onyo iliyo mbele ya dereva nayo huitwa vivyo hivyo. Dereva akimwambia fundi, "Taa ya breki ina matatizo," fundi ana haki ya kwenda nyuma ya gari na kubadilisha globu. Tunapendekeza jina la zamani libaki kwa taa ya nyuma, na ya mbele iitwe "taa ya onyo la breki".

Neno la pili ni "mafuta ya breki". Jina hili limeenea, na hatuna nia ya kulifukuza katika gereji. Hata hivyo "mafuta" katika Kiswahili ni petroli, dizeli, oili ya injini, na hata yale ya kupikia. Mtu aliyeambiwa kwamba mafuta yamepungua, akiwa mbali na duka, aweza kuongeza oili ya injini. Oili hiyo huvimbisha mipira iliyo ndani ya silinda na kuiharibu, na breki huweza kushindwa kabisa. Kwa hiyo katika maandishi ya onyo na katika vitabu vya mafunzo yafaa tutumie "kiowevu cha breki", neno ambalo shule zimekwisha kulizoea, na pale penye shaka tuongeze: "si oili ya injini". Neno "breki" lenyewe lisiguswe. Limekwisha kuwa la Kiswahili, sawa na "pedi". Na "ngoma" ya gurudumu ni mfano mzuri wa neno letu la kale kupewa kazi mpya bila kelele.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mwalimu hana budi kulieleza. Taa ya onyo hupima vitu vichache tu. Haipimi joto la kiowevu. Kiowevu cha aina ya DOT 3 kikiwa kipya hakichemki mpaka kifikie angalau nyuzi 205 za Selsiasi; lakini hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Katika mteremko mrefu, dereva aliyekalia breki badala ya kutumia gia ya chini huzipasha moto mpaka kiowevu kichemke. Mvuke hubonyea, kiowevu hakibonyei. Pedali huzama hadi chini, na taa haikuwaka hata kidogo. Kwa hiyo taa iliyozimika isifasiriwe kuwa "breki ni nzima". Maana yake ni kwamba hakuna kilichoonekana katika vile inavyovipima. Hata hilo ni kweli iwapo tu taa yenyewe huwaka kwa muda mfupi funguo inapozungushwa. Isipowaka hapo, huenda ndiyo mbovu.

Kwa muhtasari, tunapendekeza maonyo yaandikwe hivi:

(a) Breki ya mkono haijaachiwa. Iachie kabla ya kuondoka.

(b) Kiowevu cha breki kimepungua. Simama mahali salama, tafuta panapovuja.

(c) Mfumo wa breki una hitilafu. Simama, usiteremke mlima.

(d) Mfumo wa kuzuia magurudumu kukaza haufanyi kazi. Punguza mwendo, usikanyage breki kwa ghafla.

Kila onyo linataja jambo lililotokea, kisha tendo linalotakiwa. Istilahi za elimu zaweza kungoja mtihani wa darasani. Istilahi ya onyo mtihani wake ni mmoja: mtu aliyeisikia mara moja, akiwa juu ya mteremko wa kwenda Mtowisa, afanye lile linalopasa kufanywa.